Anayekufungia Njia Amekukopa

Penye barabara iliyofumuliwa huwa kuna mabango mawili. La kwanza ni kubwa, lina nembo ya serikali, jina la mkandarasi na la mhandisi mshauri, na tarehe ya kumaliza kazi ambayo mara nyingi jua na vumbi vimekwisha kuififisha. La pili ni dogo, limesimikwa kwenye pipa lililojazwa mchanga, nalo linaomba radhi kwa usumbufu na kuwasihi wapitao wawe na subira. Dereva wa trela aliyetoka Malaba, mchuuzi aliyepakia vitunguu Mbale akiwahi soko la Jinja, kijana wa bodaboda aliyebeba mgonjwa, wote hupata muda mrefu wa kulisoma hilo dogo. Na neno lililoandikwa pale halikutoka kwa wahandisi. Subira ni neno la msikitini na kanisani, neno la matangani, la mgonjwa kitandani, la mkulima anayetazama mawingu. Limechukuliwa huko likabandikwa kwenye pipa. Kwa hiyo swali langu ni la dini kabla halijawa la barabara: je, anayenisimamisha njiani ana haki ya kunidai subira? Naona hana. Anachoweza kufanya kwa haki ni kunikopa muda wangu, na mkopo una masharti yanayojulikana tangu zamani.

Njia inayozungumzwa hapa kwa sehemu kubwa haina pacha. Shehena ya Mombasa inayokwenda Kampala, Rwanda na mashariki ya Congo huingia Uganda kwa Malaba au Busia, ikapita Bugiri na Iganga hadi Jinja. Na karibu na Iganga, pale Nakalama, ndipo inapochepuka barabara ya Tirinyi kwenda Mbale. Juu ya lami hiyohiyo hupita matrela ya miwa ya Kakira, kiwanda kilichoanza 1930, na mabasi ya usiku, na watoto wa shule kwa miguu. Tangu 1954 Jinja ilivuka Nile juu ya bwawa la Owen Falls, ambalo sasa ni Nalubaale, mpaka tarehe 17 Oktoba 2018 lilipofunguliwa daraja jipya la nyaya lenye urefu wa mita 525. Kwa zaidi ya miaka 60 ukuta uliojengwa kuzuia maji ulibeba biashara ya nchi nzima mgongoni. Kazi ya daraja hilo ilianza 2014, na jambo moja liliwaokoa watu katika miaka ile: lilijengwa kando, njia ya zamani ikabaki wazi. Mitaa ya mjini haina bahati hiyo. Mradi wa USMID uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia 2013 ulipofika katika manispaa 14, Jinja na Mbale zikiwamo, mtaa ulipasuliwa palepale watu walipokuwa wakiuza na kununua, kwa kuwa hapakuwa na mtaa wa pili wa kuazima. Barabara nzuri zilipatikana. Sibishani na uzuri wake. Nauliza zilijengwa kwa mali ya nani.

Kila barabara hujengwa kwa mikopo miwili. Wa kwanza unajulikana. Kwa daraja la Jinja, serikali ya Uganda ilitia saini mwaka 2010 na JICA, shirika la ushirikiano la Japani. Kiasi kikaandikwa, masharti yakaandikwa, muda wa kulipa ukaandikwa. Hakuna waziri atakayeiandikia Tokyo barua ya kuiomba subira bila kutaja tarehe. Mkopo wa pili hutolewa na wanaosubiri: saa mbili za dereva, mchana mzima wa mwenye duka ambaye wateja wake hawawezi kuruka mtaro, siku ya kibarua aliyefika kazini akakuta nafasi imekwenda kwa mwingine. Huo hauna karatasi wala muda wala shahidi. Ilhali aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya sura ya Al-Baqara, haielezi pepo wala moto, inaeleza deni. Inaamuru deni la muda maalumu liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, mashahidi waitwe, na watu wasichoke kuliandika hata likiwa dogo. Inaamuru pia jambo ambalo ningependa kila mkurugenzi wa barabara alitafakari: maneno ya hati hutamkwa na mdaiwa, naye hapunguzi chochote katika anachodaiwa. Ndiye anayejua uzito wa alichokichukua, basi yeye ndiye wa kukitaja.

Nitaambiwa kwamba aya ile inahusu fedha na bidhaa, haihusu saa. Lakini kibarua huuza nini kama si saa zake? Sheria ya Kiislamu ya ijara, yaani ukodishaji wa kitu au wa kazi ya mtu, imesimama juu ya msingi huo, kwamba manufaa ya muda yana thamani inayoweza kuuzwa na kulipwa. Seneca, mwanafalsafa wa Roma, aliwashangaa watu wanaopigania mpaka wa shamba kwa mawe na silaha, kisha wakaacha kila apitaye aingie katika maisha yao na kuondoka na miaka. Katiba ya Uganda ya 1995 inafanana na watu hao. Ibara ya 26 inasema serikali haiwezi kumnyang'anya mtu mali yake bila fidia ya haki na ya kutosha, tena ilipwe kabla ya kuichukua; na mwaka 2015 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyohusu barabara ya Hoima, ilishikilia kwamba malipo ya mapema ni lazima hata kama kinachojengwa ni kwa manufaa ya umma. Ulinzi huo ni mzuri sana, nao unaishia ukutani mwa duka. Greda likigusa ukuta, mwenye duka ana kesi. Likiufunga mlango wake kwa miezi bila kugusa tofali, hana kitu. Mwenye ardhi analindwa na katiba. Asiye na ardhi, ambaye mali yake yote ni siku aliyoamka nayo, analindwa na bango la radhi. Hapo ndipo ninapoona dhuluma. Si kwamba nashuku nia ya wajenzi. Ila sheria imejua kupima futi za mraba, haijajua kupima mchana wa mtu maskini.

Wakoloni, pamoja na ubaya wao, waliijua bei hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 20, chini ya utawala wao, Semei Kakungulu, jemadari Mganda aliyeweka makazi Mbale na kuusimamisha mji huo, alisifiwa kwa barabara zake zilizopandwa miti kandokando; baadaye akapelekwa Jinja kuliongoza baraza la machifu wa Busoga, kazi aliyoiacha 1913. Barabara za enzi ile hazikujengwa kwa mshahara. Zilijengwa kwa kazi ya lazima, ile iliyojulikana kwa jina la luwalo, ambapo mwanamume alitoa kama mwezi mmoja kwa mwaka akifyeka, akichimba na kubeba udongo bila ujira. Ulikuwa mfumo wa fimbo na hakuna anayepaswa kuutamani. Lakini ulikuwa na ukweli mmoja ndani yake: mwezi wa mtu ulihesabiwa, na baadaye mwenye uwezo akaruhusiwa kulipa fedha akasamehewa kazi. Yaani hata dola isiyomwuliza mwananchi jambo lolote ilikiri kwamba sehemu ya maisha yake ina kima cha shilingi. Leo hakuna anayeshikishwa jembe kwa nguvu. Muda unachukuliwa kwa upole, mtu akiwa amekaa ndani ya taksi, dirisha likiwa wazi, vumbi likiingia, wala hakuna daftari lolote la taifa ambamo saa zile zinaandikwa. Barabara inapokamilika hutangazwa imegharimu shilingi bilioni kadhaa. Kima hicho si kamili, kwa sababu mchango mkubwa wa wananchi haumo.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa watu wa dini wenyewe, nami nalichukulia kwa uzito wake. Watasema muumini hapimi subira kwa mizani ya haki za mwenzake. Ayubu hakuuliza nani amemfunga. Subira huvuta heri, na anayenung'unika kwenye foleni anapoteza thawabu pamoja na muda. Kuna ukweli hapa: hasira haifungui njia, na moyo unaochemka kwa saa tatu unamwumiza mwenye moyo kwanza. Lakini tutazame kisa cha Ayubu hadi mwisho. Katika Biblia analalamika sura baada ya sura, anadai kesi yake isikilizwe, na mwishoni wanaokemewa ni marafiki waliomwambia anyamaze akubali kuwa na kosa. Yakubu, ambaye Kurani inamtaja kwa subira njema, alilia mpaka macho yakafifia, na malalamiko yake akayapeleka kwa Mungu. Wanawe walipomdanganya kuhusu Yusufu hakuwaambia kwamba wamefanya sawa. Subira ya hawa ilikuwa ibada kati yao na Muumba. Mkosaji hakuwa na hisa ndani yake.

Kisha kuna sura ya 103, Al-Asr, yenye aya tatu tu, ambayo watoto wa madrasa kutoka Bugembe karibu na Jinja hadi Nkoma mjini Mbale huihifadhi mapema. Inaanza kwa kuapa kwa wakati. Inasema binadamu yumo katika hasara, kisha inawatoa katika hasara hiyo walioamini, wakatenda mema, wakausiana haki, wakausiana subira. Kiswahili chetu kinaufungua mlango ambao baadhi ya lugha huuacha umefungwa, kwa sababu ya neno moja: kuusiana. Ni kitenzi cha watu wawili wanaopeana. Huwezi kuusiana peke yako, na huwezi kuusiana kwa kumwamuru mwenzako huku wewe umepita. Tena haki imetajwa kwanza, subira ikafuata. Bango la kwenye pipa limegeuza yote mawili: limeichukua subira likaiacha haki, na limeutoa wasia kwa upande mmoja. Anayesubiri akimwambia mjenzi, kwa utaratibu, kwamba siku zimezidi na mtaro umeachwa wazi, anatimiza nusu ya sura iliyokuwa imeachwa. Kumwita mtu huyo mkosefu wa subira ni kuisoma aya kwa jicho moja.

Kama tatizo la watu wa mashariki mwa Uganda lingekuwa ni kutojua kusubiri, tungeliona mahali pengine. Tulitafute katika imbalu. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, tohara ya Wagisu huzinduliwa Mutoto karibu na Mbale, kwa kawaida mwezi wa Agosti, na kwa wiki nyingi baada ya hapo vijana huonekana barabarani na ndugu zao, wamepakwa unga, ngoma za kadodi zikitangulia, wakienda kwa shangazi na wajomba kupokea baraka na zawadi. Umati hufunika lami kutoka ukingo hadi ukingo. Magari husimama. Wapo wanaolalamika, na wapo wahuni wanaojificha ndani ya umati. Sisemi ni peponi. Hata hivyo kusubiri kule kuna sura tofauti kabisa. Mwaka unajulikana, msimu unajulikana, sababu inajulikana na hata mgeni huelezwa. Aliyesimamishwa leo ana mtoto, mpwa au jirani atakayesimamisha wengine kesho. Na mwisho wake unaonekana, kwa kuwa kijana hachezi milele. Iko siku atasimama mbele ya kisu. Muda ule unatolewa kwa hiari, kwa jambo ambalo mtoaji ana fungu ndani yake. Ukiweka misafara hiyo kando ya foleni ya lami unaona kwamba dakika zinaweza kulingana ilhali uzito wake haulingani. Kinachowachosha watu ni kusubiri bila kuambiwa, bila kipimo, bila kuulizwa.

Pingamizi jingine ni la kifalsafa, na limezaliwa karibu nasi. John Mbiti, mwanateolojia Mkenya aliyefundisha Makerere kuanzia 1964 hadi 1974, aliandika katika kitabu chake cha 1969 kwamba Mwafrika wa jadi hajui wakati kama bidhaa inayotumika ikaisha. Kwa kuueleza wakati huo alichagua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani. Wakati, alisema, ni matukio. Mtu huuzalisha kwa kutenda, na Mzungu anayemwona Mwafrika amekaa akadhani anapoteza muda hajaelewa kwamba yule anausubiri wakati au anautengeneza. Wengi wamembishia Mbiti, hasa aliposema kwamba mawazo ya jadi karibu hayana wakati ujao, na mimi nakubaliana na wabishi hao. Lakini tuseme kwa hoja kwamba alipatia. Mtu akichukua fundisho hilo akasema basi foleni haimpunguzii mkulima wa Budadiri chochote, maana kwake saa si fedha, atakuwa ameligeuza kichwa chini. Ikiwa wakati ni matukio, foleni haimwibii mtu dakika 90 ambazo angeweza kuzifidia kesho. Inamwibia tukio lenyewe. Maziko yakipita yamepita; mchanga umekwisha kutupwa kaburini na yeye yuko katika msitu wa Mabira nyuma ya lori lililokatika ekseli. Soko la Jumamosi haliji Jumapili. Mwenye saa ya ukutani anaweza kusema atalipa saa kwa saa. Anayeishi kwa matukio hana cha kulipwa, na kwake hasara ni kubwa zaidi.

Pingamizi la tatu ni la wanasheria na la watu wa kazi: madhara ya wachache huvumiliwa ili kuondoa madhara ya wengi. Kanuni hiyo imo katika fiqhi, elimu ya sheria ya Kiislamu, na dola ya Uthmaniya iliiandika katika Mejelle, mkusanyo wake wa sheria za karne ya 19. Barabara haiwezi kutengenezwa bila kufungwa, na anayetaka lami bila vumbi anaomba muujiza. Nakubali yote. Lakini kanuni hiyo ina ndugu zake na haitembei peke yake. Mmoja wao anasema dharura hupimwa kwa kiasi chake. Kwa hiyo kufungua kilomita nzima wakati mashine zilizopo zinatosha mita 200 hakuingii chini ya kanuni. Kuacha kifusi katikati ya njia kwa wiki kwa sababu lori limehamishiwa kazi nyingine hakuingii. Na juu ya shimo, vitabu vimesema wazi. Kutoka sura ya 21 inaagiza kwamba mtu akifungua shimo asilifunike, ng'ombe au punda akatumbukia, mwenye shimo atalipa. Haiulizi alichimba kwa nia gani. Huenda alikuwa anatafuta maji ya kijiji kizima. Analipa kwa sababu shimo ni lake na hakulifunika. Mafakihi wa Kiislamu nao walimwajibisha mwenye kuchimba kwenye njia ya umma. Mbale ni mji ambao ungeweza kulizungumza jambo hili kwa ndimi zote tatu za Ibrahimu: kuna Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichoanzishwa 1988, kuna makanisa yasiyohesabika, na juu ya kilima cha Nabugoye kuna sinagogi la Abayudaya, waliofuata njia aliyoianza Kakungulu huyohuyo mwaka 1919. Mapokeo ya Kiyahudi yanaeleza kwamba tarehe 15 ya mwezi wa Adar, mwezi mmoja kabla ya Pasaka, barabara zilitengenezwa ili mahujaji wapite. Kazi ilipangwa kwa kuangalia safari ya watu. Na Mtume Muhammad, katika hadithi inayojulikana sana, alipoyahesabu matawi ya imani aliweka juu kabisa kumpwekesha Mungu na chini kabisa kuondoa udhia njiani. Chini, ndiyo, lakini ni tawi la mti huohuo.

Mvua nayo hutajwa kama udhuru, na hapa nitapita haraka. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale, na zaidi ya watu 20 wakafa. Mawingu ya mlima Elgon hayana mkandarasi. Lakini kalvati iliyoziba ina mwenyewe, na kingo za mto zilizojengwa nyumba zina aliyetoa kibali au aliyefumba macho. Mja anayeipokea kadari kwa moyo mkunjufu halazimiki kuuita uzembe wa jirani yake kadari.

Sasa nigeuke upande wa pili, maana hoja yangu ingekuwa nyepesi kama ingewalaumu wenye mashine peke yao. Ikiwa muda wa watu ni mali, basi dereva anayetoka kwenye mstari akafungua laini ya tatu upande wa wanaokuja ni mwizi, na anaowaibia wako mbele yake na nyuma yake. Anapata dakika kumi. Wengine mia mbili wanapoteza saa, kwa sababu pale mbele, palipobaki upana wa gari moja, magari yamekutana uso kwa uso na hakuna wa kurudi nyuma. Bodaboda inayopanda njia ya waenda kwa miguu na kumsukuma bibi mtaroni inafanya vivyo hivyo kwa kiwango chake. Mara nyingi sehemu kubwa ya foleni haikutengenezwa na greda. Imetengenezwa na watu waliokopa wakaamua kulipwa na wasiohusika. Na juu ya wote nauweka msafara wenye king'ora wa mtu asiye mgonjwa wala zimamoto, unaogawanya magari kama bahari. Kosa lake si dakika unazochukua, ni chache. Kosa lake ni kwamba unamwondoa kwenye foleni mtu pekee mwenye uwezo wa kuifupisha. Inasimuliwa kwamba khalifa Umar aliogopa kuulizwa na Mungu juu ya nyumbu aliyejikwaa Iraki, akiwa yeye Madina, kwa nini hakumsawazishia njia. Umar alijiona mwulizwa hata kwa njia asiyoipita. Kiongozi anayepitishwa pembeni ya foleni amezibwa masikio kwa kitu kinachoitwa heshima, na nadhani hasara ya kwanza ni yake.

Lipo pia swali la nani hasa anadaiwa, na hapa historia ya karibuni inauma. Mamlaka ya Barabara, UNRA, ilianza kazi 2008. Chini yake, mwaka 2014, iligundulika kwamba mkataba wa barabara ya Mukono hadi Katosi na Nyenga, ile ambayo ingewapa wasafiri wa Jinja njia ya pili upande wa ziwa, ulikuwa umeangukia kampuni isiyokuwa ile iliyojidai kuwa, na shilingi bilioni 24 na ushei zilikuwa zimekwisha kulipwa. Tume ya Jaji Catherine Bamugemereire ikaichunguza mamlaka yote na kutoa ripoti 2016. Baadaye barabara hiyo ilijengwa. Mwishoni mwa 2024 mamlaka ikavunjwa kwa sheria, kazi zake zikarudi wizarani. Nani basi anayedaiwa saa za wale waliokaa Mabira katika miaka ambayo njia ya pili ilikuwa haijapatikana? Jibu rahisi ni kwamba taasisi imekufa. Lakini sheria ya mirathi, katika sura ya An-Nisaa, hailitambui jibu hilo: deni hulipwa kwanza, ndipo warithi wagawane. Wizara imerithi magari, majengo na ramani. Imerithi na foleni.

Na deni lenyewe hulipwaje? Saa iliyopita hairudi, na hili ni jambo gumu zaidi katika hoja yangu, sitaki kulificha. Fedha haziwezi kumrudishia mtu maziko aliyoyakosa. Kwa hiyo sehemu ya deni hili haitalipwa kamwe, itabidi isamehewe. Hapo Uislamu na Ukristo, dini hizi mbili, zinakubaliana na zinalitilia shaka bango la kwenye pipa. Uislamu hutenga haki za Mungu na haki za waja. Mungu husamehe zake, lakini za mja humngoja mja mwenyewe. Injili ya Mathayo inamtaka mtu aache sadaka yake mbele ya madhabahu akapatane kwanza na ndugu yake. Katika yote mawili mkosaji huenda kwa mkosewa, akamtajia alichomchukulia, ndipo akaomba. Radhi iliyopakwa rangi kiwandani kabla kazi haijaanza, isiyotaja siku ngapi wala mtaa gani, haijaomba kitu kwa mtu yeyote. Yanayoweza kufanywa si makubwa. Fundi anayefunga upande mmoja usiku na kuufungua alfajiri ameshusha deni. Halmashauri ya jiji inayokwenda sokoni na kwenye stendi kabla ya uchimbaji, ikauliza ni siku gani za wiki zisiguswe, imekopa kwa heshima. Bango kubwa lingeweza kuandikwa kwa Lusoga mjini Jinja na kwa Lumasaba mjini Mbale, na kwa Kiswahili kwa ajili ya madereva wa Mombasa, likitaja mtaro huu ulifunguliwa lini, utafunikwa lini, na ikiwa tarehe imepita, imepita kwa siku ngapi na kwa sababu gani. Mstari huo wa mwisho ndio mgumu kuuandika. Ndio ambao, kwa mujibu wa aya ya deni, mdaiwa anatakiwa autamke kwa kinywa chake, mwandishi akiwa pale na kalamu, na mashahidi wakiwa wale waliokaa ndani ya taksi.